Mzee Geji Akabidhi Funguo za Chumba cha Mitungi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, fundi wetu wa oksijeni atafunga chumba cha mitungi kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Kwenye faili la ofisi ana majina yake matatu kamili. Sisi wengine, kuanzia madaktari hadi wafua mashuka, tunamwita Mzee Geji, na jarida hili nalo litamwita hivyo hivyo.

Jina alilipata kwa sababu ya ukucha wake. Hasomi geji, kile kipimo cha mshale kinachoonyesha gesi iliyobaki, mpaka aigonge mara mbili, asubiri mshale utulie, kisha aigonge tena. Siku ya harusi ya binti yake aligonga hata geji ya kizimamoto cha ukumbini, bibi harusi akiwa ameshaingia na watu wamesimama. Mkewe ilibidi amvute mkono wa koti.

Nilipomwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, tulikuwa tunakula chakula cha mchana nyuma ya chumba cha kufulia, mahali tulipozoea kukaa. Aliacha kutafuna.

"Ukiandika, na ile habari uiweke," alisema. "Kama haimo, bora usiandike kabisa."

Basi naiweka, kwa idhini yake. Na mimi nimo ndani yake.

Alianza kazi hapa akiwa mbeba mitungi, akiibeba begani kabla hospitali haijanunua kitoroli hata kimoja. Alijisomea, akafaulu mtihani wa ufundi, na mwaka wa tisa akawa msimamizi wa chumba. Ni yeye aliyesimamia ufungaji wa mabomba yanayopeleka oksijeni wodini. Mitungi imepangwa pande mbili: upande mmoja unatoa, wa pili unasubiri. Wa kwanza ukiisha, wa pili unapokea. Kila asubuhi ya siku za kazi fundi hukagua pande zote mbili na kuandika daftarini.

Ijumaa moja ya mwaka wake wa kumi na mbili, hakuukagua upande wa pili. Mvua ilikuwa inanyesha, uani maji yamejaa, na yeye alikuwa karakana na kikombe chake cha chai. Aliandika "umejaa" akiwa amekaa. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amelewa. Hakutaka kulowa, basi.

Kesho yake saa nane mchana upande wa kwanza uliisha. Wa pili haukuwa na kitu. Valvu ilikuwa imevuja siku mbili nzima. Katika wodi ya juu kulikuwa na wagonjwa wanne wanaopumulia bomba, na muuguzi mmoja tu wa zamu. Dada huyo alikimbia kutafuta mitungi midogo, akawahi watatu. Wa nne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Alimfia mikononi.

Mzee Geji aliitwa kutoka nyumbani. Alikuja mbio, akachukua stoo mitungi minne iliyojaa, akaifunga badala ya ile mitupu. Siku ile aliokoa watu, hilo ni kweli. Lakini kamati ya uchunguzi ilipokuja Jumatatu ilikuta mitungi iliyojaa na daftari linalosema umejaa. Walimuuliza kama alikagua Ijumaa. Alijibu, "Nilikagua." Wakaamua kwamba muuguzi alichelewa kufungua valvu ya wodini. Alifukuzwa kazi kwa uzembe, na barua yake ikabandikwa ubaoni tuisome wote.

Mitungi ile minne niliitoa mimi. Nilikuwa karani wa stoo, na fomu inayoonyesha kwamba ilitoka Jumamosi, baada ya kifo, ina sahihi yangu. Kamati haikuniita, nami sikujipeleka. Nilijiambia kwamba hayo si ya stoo.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mzee Geji hakuacha kanisa. Kila mwezi aliungama kwa padre wa parokia yake, akataja hasira, matusi na uvivu wa kusali, na hilo moja akaliruka. Mwishowe akawa anabaki kwenye benchi wenzake wakienda komunyo. Mkewe aliona.

Jumamosi moja alipanda gari mpaka upande wa pili wa mji, kwenye kanisa ambako hakuna aliyemjua. Muungamishi alikuwa padre mzee. Mzee Geji alipiga magoti akasema haraka haraka kwamba alidanganya kazini. Padre alisogeza kichwa kwenye wavu.

"Sema tena, mwanangu. Sikio langu hili halisikii vizuri. Umedanganya nini?"

Ikabidi arudie, safari hii kwa sauti, huku foleni ikiwa nyuma yake. Alisema yote: mvua, daftari, mwalimu, muuguzi. Anasema ulimi ulikuwa mzito kama uliochomwa sindano ya ganzi.

 Padre akauliza, "Huyo muuguzi yuko wapi sasa?"

"Sijui, Padre."

"Hujui, au hujauliza?"

"Sijauliza."

Mzee Geji akauliza kama anaweza kuandika barua bila kuweka jina. Padre akamjibu, "Barua isiyo na mwenyewe haitamsafisha mtu. Marehemu huna cha kumrudishia, tutamwombea. Huyu aliye hai unaweza kumrudishia jina lake."

"Nikisema, nitafungwa?"

"Huenda. Siwezi kukudanganya. Na ukikaa kimya, mimi sitasema kwa mtu yeyote mpaka naingia kaburini. Kwa hiyo usiningoje mimi."

Halafu akamwelekeza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Amwambie mkewe kwanza, kwa sababu mzigo huo naye ataubeba. Kisha amwendee muuguzi, kabla ya wakubwa. "Na siku hiyo usimwombe akusamehe," alisema. "Mwambie ukweli, umwache. Ukimwomba msamaha hapo hapo utakuwa umekwenda kuchukua kitu kwake kwa mara ya pili."

Alimuuliza kama atakwenda. Mzee Geji akasema atajaribu. Padre akarudia swali lile lile, kwa sauti ile ile, mpaka aliposema, "Nitakwenda." Ndipo akampa maondoleo ya dhambi.

Ilimchukua siku kumi na tisa kutoka pale hadi kumwambia mkewe. Mama huyo alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka akamaliza, kisha akasema, "Nenda. Mimi na watoto tutajua la kufanya."

Muuguzi alikuwa anaishi kwa dada yake, akishona sare za shule sebuleni. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha kiti. Mzee Geji alipomaliza, muuguzi alimwambia hivi: "Mama yangu alikufa mwaka jana akijua nimeua mtu. Nenda ukawaambie waliokuajiri. Kwangu umeshafika."

Alikwenda, akaandika maelezo ya kurasa tatu. Uchunguzi ukafunguliwa upya. Wiki moja baadaye, wakati halikuwa tena jambo la kunigharimu chochote, nilipeleka na mimi fomu yangu ya stoo. Nilipewa onyo. Yeye alisimamishwa kazi mwaka mzima, akapelekwa mahakamani, akapata kifungo cha nje cha miezi kumi na minane. Mume wa mwalimu alisimama pale mahakamani akasema afadhali asingejua, maana alikuwa ameshaanza kulala. Muuguzi alisafishwa jina kwa barua, na ile ya zamani ikafutwa. Aliombwa arudi kazini, akakataa. Bado anashona.

Hospitali ilimrudisha Mzee Geji bila cheo, abebe mitungi kama siku aliyoanza. Wengine hawakumsalimia kwa miaka. Wapo waliokuwa wanahama benchi akikaa, nami nilikaa naye, si kwa wema, bali kwa kuwa sikuwa na haki ya kuhama. Alibeba miaka minne ndipo akakabidhiwa tena chumba. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asiaminiwe peke yake: anayesoma geji na anayeandika wawe watu wawili, na wote watie sahihi. Utaratibu huo sasa ni wa hospitali nzima. Tangu wakati huo bomba halijakata hewa hata dakika moja. Amenikataza kuiandika hiyo kama sifa, naiandika kama taarifa.

Kwa padre yule aliendelea kwenda mpaka padre alipofariki. Kila mara padre alimsikiliza kama mtu aliyefika siku hiyo kwa mara ya kwanza; hata siku moja hakumuuliza ile habari iliishaje. Mzee Geji anasema hilo ndilo lililokuwa likimrudisha.

Tulimtumia muuguzi mwaliko wa hafla ya Ijumaa. Aliyepeleka kadi alirudi na jibu lake: hatakuja, na tusimsubiri. Nilimfikishia Mzee Geji. Aliitikia kwa kichwa, akasema ni haki yake, akarudi kumfundisha fundi mpya kubana nati.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote thelathini na mmoja, na ile mibaya ikiwemo, kwa kuwa hukutuachia sisi tuchague ipi ya kusimulia. Asante kwa wagonjwa waliopumua bila kujua upo. Hatukuombei usahau, tunajua hutaki. Tunakuombea afya, siku nyingi na mama, wajukuu wa kukuchosha, na mvua ikinyesha ubaki ndani, unywe chai yako, bila mtu kukuhitaji nje.