Jerioth Karimi, Mwongozaji Aliyekataa Kuzika

Baada ya miaka kumi na minne ya kuongoza filamu na tamthilia hapa Juba, Bi. Jerioth Karimi anastaafu rasmi tarehe 28 Novemba 2025. Neno "rasmi" tumelitia kwa ukaidi, maana mwongozaji wa kujitegemea hana mwajiri wa kumstaafisha. Amejistaafisha mwenyewe. Daktari alimwambia macho yamechoka, naye alipoanza kuniuliza mimi, fundi sauti, kama picha inaonekana vizuri, tukajua maji yamezidi unga.

Alitua hapa mwaka 2011 akitokea Nairobi, kwa mkataba wa miezi mitatu wa kutengeneza filamu za kufundisha watu kunawa mikono. Zilimchosha upesi. Alisema nchi changa haiishi kwa sabuni peke yake, nayo inataka kujiona ikicheka na kugombana. Mwaka uliofuata akakodi ua, ambao hapa huitwa hosh, wenye nyumba tatu kule Jebel, chini ya mlima, na hapo ikazaliwa *Watu wa Hosh*, tamthilia ya familia ya Mzee Ladu, ambayo kila sehemu yake humalizikia mezani. Humo watu wanaongea kama Juba inavyoongea: Kiarabu cha hapa, Kiswahili cha kila mpaka, na Kiingereza wakikasirika.

Mimi Conrad nilijiunga naye mwaka huo kutoka Kampala, na Kiswahili mnachokisoma hapa ni yeye aliyekinyoosha. Kazi yangu kubwa imekuwa kuinua mkono. Ndege ikipaa uwanjani mvumo wake huingia kwenye maiki, kwa hiyo nikiinua mkono wote hunyamaza, hata aliyekuwa analia husimamisha machozi. Wageni hudhani tunasali. Mama Jerioth huitazama ndege mpaka ipotee, kisha husema, "Haya, tuendelee na waliobaki." Miaka ya mwanzo tulicheka sana. Baadaye waliobaki wakapungua, na utani ule ukakosa wachekaji.

Maana waigizaji wetu waliondoka. Robinson yuko Kampala anauza vipuri. Lillian alimfuata mume Nairobi. Kila aliyeondoka, Mama Jerioth alimtafutia udhuru ndani ya tamthilia: huyu kaenda kusoma, yule kaolewa Wau. Hakuna aliyeuawa. Katika miaka yote hii aliyekufa mle ndani ni mbuzi mmoja, naye pia alikuwa anaigiza.

Aliyeigiza Mzee Ladu ni Fortunato, mtu wa sauti nzito niliyokuwa nikiipenda kuliko wimbo wowote. Mwezi wa Julai 2016, mji ulipowaka kwa vita, alimsindikiza mama yake kuelekea Yei. Pale mlangoni aliaga kama alivyozoea kuaga kwenye tamthilia, "Ana bi ja," yaani nitakuja. Mpaka leo hatujapata habari yake, ya heri wala ya shari.

Tuliporudi kazini Mama Jerioth alimwagiza Cissy, mpishi wetu, ampakulie Mzee Ladu kama kawaida. Asida, ugali wa hapa, mchuzi wa bamia, na kiti kitupu. Cissy alilalamika, "Mama, hii chakula ya mutu hayuko, nani anakula?" Watazamaji nao wakaanza kuulizana sokoni mzee yuko wapi, na kwenye tamthilia jibu likawa lilelile, kwamba yuko njiani.

Mwaka 2018 wafadhili walitaka Mzee Ladu azikwe. Walisema matanga huvuta watazamaji, na kiti kitupu kinawachanganya. Nilikuwapo. Mama Jerioth aliwasikiliza hadi mwisho kwa adabu yote, akawamiminia chai, kisha akasema, "Huyu hajafa. Amechelewa tu." Waliondoka na ufadhili wao. Kwa miaka miwili tukarekodi kwa simu, taa ikiwa ni ile ya pikipiki ya Ayom, dereva wetu, na sehemu mpya zikasambaa kwa memori kadi kutoka Jebel hadi Mangateen. Tuzo mbili alizopata baadaye zilitokana na miaka hiyo ya dhiki. Moja inazuia mlango wa stoo usijifunge.

Swali la Cissy, nani anakula, lilijibiwa na maiki. Jioni moja wote walikuwa wamekwenda zao, nami nilikuwa chumba cha pili nikikunja nyaya, visikizi vikiwa bado masikioni, na maiki ya mezani sikuwa nimeizima. Nikamsikia akivuta kiti. Akasali, akaombea watu wawili, kana kwamba hakuwa peke yake mezani. Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli, taratibu, muda mrefu. Alikula peke yake, chakula cha mtu aliyemsubiri. Nilizima mashine. Kama kulikuwa na zaidi ya hilo, si kazi ya fundi sauti kulisema, ila niliumia, na tangu jioni ile sikuwahi tena kumtania kuhusu kuishi peke yake.

Kesho yake baada ya kustaafu, Jumamosi, anarudi Nkubu, Meru, kwenye nyumba ambayo haijalala mtu tangu mama yake afariki. Usukani anamwachia Akon, aliyeingia hapa kuigiza binti wa Mzee Ladu. Hakumwachia masharti ya kamera wala ya taa. Alimwomba kitu kimoja tu: kwamba asije akamzika Fortunato kwa sababu anayemsubiri ameondoka.

Mama Jerioth, Akon amekubali, nasi sote tumekubali. Asante kwa kutuonyesha sura zetu, na kwa kutusubiri hata tulipokuwa hatusubiriki. Upate macho mapya, majirani wenye makelele, na mtu wa kula naye.

Jumamosi asubuhi tutakuwa mezani tunarekodi. Cissy amenunua bakuli jingine, na viti vitupu vitakuwa viwili. Ndege yako itakapopita juu yetu, sitainua mkono. Mvumo wake utabaki mle ndani, na atakayeuliza wewe uko wapi ataambiwa kwamba umechelewa tu.