Mama Ndoo na Farasi Asiyeweza Kutafuna

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mlishaji wa farasi ambaye zizi zima lilimwita Mama Ndoo.

Alifanya kazi kwenye shule ya kupanda farasi tangu usichana wake. Alikuwa na mdomo, jamani! Hata mwenye shule hakupona.

Zizini kulikuwa na farasi jike mzee, meno yamekwisha. Akipewa majani makavu aliyazungusha mdomoni, kisha akayatema, madonge ya majani na mate chini kote. Akakonda, mbavu nje. Mwenye shule anasimulia: "Nilimwambia, mama, daktari ampige sindano ya mwisho, apumzike. Akanijia juu: 'Huyu hana ugonjwa, ana njaa!'"

Akaomba apewe muda. Akatafuta majani makavu yaliyosagwa na kushindiliwa yakawa vidonge. Ukiviloweka vinaumuka, vinakuwa kama uji mzito. Nasema tena, wasikilizaji: vinalowekwa kwanza. Maana siku ya kwanza Mama Ndoo alikuwa na haraka, akavilowesha juu juu tu. Farasi kwa njaa yake akavibugia. Vikamkwama kooni, povu likamtoka puani. Daktari alimwokoa kwa taabu. Mama Ndoo alilia mbele za watu, bila haya.

Tangu hapo, hakuna ndoo iliyotoka kabla hajazamisha mkono mpaka chini, kutafuta kidonge kigumu. Kikibaki kimoja tu, mnasubiri. Wateja wanapiga kelele langoni, mnasubiri. Na yule farasi akanawiri, mbavu zikafichika. Mimi nampenda mama huyu, wacha niseme wazi.

Wiki iliyopita alituaga. Siku ya maziko, jeneza limefika, binti yake hayupo. Wajomba wakaanza kununa. Mara huyo anakuja mbio, mkono mmoja umelowa mpaka kiwikoni.

"Nisameheni, wajomba," akasema akihema. "Vidonge vya yule farasi vilikuwa bado vigumu. Ningemlisha vile, mama angefufuka anichape."

Watu walicheka huku wanalia.

Kwa binti, kwa wajomba, kwa wote wa zizini: poleni sana, tumeumia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako kuna mzee anayerudisha sahani ikiwa bado imejaa? Kabla hujasema hana hamu ya kula, angalia umempa nini.