Wekoye Alisimama Ukingoni mwa Picha

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mama Everlyne Jerop, ambaye umeacha shughuli za kaunti uje kutufungulia duka. Mchungaji pamoja na kwaya yako iliyoimba mpaka mabati yakatetemeka. Mama yangu mzazi, Kukhu Nakhumicha, uliyetoka Bungoma asubuhi na mapema na kukataa kabisa kukaa kiti cha nyuma. Dada yangu Phelista wa Cheptais. Ndugu wageni waalikwa, majirani wenye maduka, na nyinyi wa bodaboda mliosimama hapo nje mkingojea soda: mulembe kwa watu wa Bungoma, chamgei kwa watu wa mlimani, na kwa Kitale nzima, hamjambo?

Sijasikia. Hamjambo?

Hapo sawa. Kwa wale wachache ambao hawanijui, na sidhani wako, mimi ni Wangila, ndugu ya Phelista. Kwa hivyo mimi ndiye khocha, yaani mjomba, wa huyu binti Nasimiyu ambaye leo anafungua duka lake la video. Shule nilisoma mpaka darasa la sita, si kwa sababu akili iliisha, ni kwa sababu walimu waliishiwa na vitu vya kunifundisha. Na mambo ya video mimi niliyaanza kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mwaka wa tisini na moja nilipeleka deki na jenereta Kachibora, nikaonyesha filamu ndani ya ghala la mahindi, na watu walikuja kwa miguu kutoka Uganda. Nilipohamia Kapsokwony, ndovu alishuka kutoka msituni, akasimama kando ya dirisha, akatazama filamu mpaka mwisho, na ilipoisha akaenda zake bila kuvunja hata kijiti. Unacheka, Kipkemei? Mheshimiwa, huyo anayecheka ni Kipkemei, mwenye saiba ya kompyuta pale Bungoma. Mwaka huo alikuwa ananyonya. Nitamrudia.

Lakini leo sikuitwa nijisifu. Nimeitwa nimsifu Nasimiyu. Na nimekaa wiki nzima nikitafuta namna ya kumsifu bila kutaja jambo fulani nililolificha miaka mitatu, nikaona haiwezekani.

Ndugu zangu, babake Nasimiyu aliitwa Wekoye. Alikuwa fundi wa mawe. Zile nyumba za mawe mnazoona mkipanda kwenda Cheptais, kona zake alizinyoosha yeye kwa uzi na jicho. Alikuwa mtu wa maneno machache sana, na tulipatana vizuri kwa sababu mimi nilikuwa na maneno ya watu wawili. Mwaka aliozaliwa Nasimiyu, Wekoye alikuja hapa Kitale akanunua TV ya inchi kumi na nne, ile yenye kisogo nyuma, akaifunga kwa blanketi ya mtoto, akaipakata juu ya pikipiki mpaka kwake. Pikipiki niliendesha mimi. Barabara ilikuwa matope matupu, na nawaambia tuliruka mtaro wa futi kumi na mbili, na kioo hakikupata hata alama.

Wekoye alituacha miaka minne iliyopita. Baada ya mazishi, watu wa ukoo wakachanga, wakampelekea dada yangu TV mpya, ya bapa, kubwa kama mlango. Alisemaje? Alisema, "Asanteni sana. Rudini nayo. Hii hapa ndiyo Wekoye aliniletea."

Sasa, picha za Wekoye za karatasi ziko tatu, na zote amekaza uso kama picha ya kitambulisho. Lakini Wekoye akitembea, akicheka, akijipangusa jasho, anapatikana mahali pamoja tu duniani: katika video ya sherehe ya Kukhu, yaani nyanya, siku mama yangu alipotimiza miaka themanini. Phelista alikuwa anaitaka hiyo video kuliko chakula. Nasimiyu, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa hapa Kitale kwa watu wa video za harusi, akaiweka kwenye diski akampelekea mamake.

Ni nini kilitokea? Kamera za siku hizi zinapiga picha pana, kama meza ndefu ya sherehe. TV ya kisogo ni karibu mraba. Ukiweka hiyo picha pana ndani ya hiyo TV, juu kunakuwa giza, chini kunakuwa giza, na katikati kunabaki kaukanda kembamba kama mshipi. Dada yangu akanipigia simu. "Wangila, watu ni wadogo kama siafu. Najua Wekoye yuko humo, lakini simjui ni yupi."

Nikamwambia, "Dada, niachie mimi. Kwani video zilianzwa na nani huku kwetu?"

Nikaenda na hiyo diski kwa Kipkemei. Kwanza akajaribu kuibana picha ili ijae. Watu wote wakawa warefu na wembamba. Mama yangu huyu, ambaye mnaona wenyewe Mungu amemjalia mwili, akawa kama mlingoti wa bendera, na Mchungaji akawa na kichwa kama yai la bata. Nikasema hapana. Kipkemei akasema, "Basi tukate pande, ibaki katikati. Lakini mzee, pande zitapotea. Si uangalie kwanza nani yuko huko?"

Nikamjibu, na haya ndiyo maneno yangu: "Pande za nini? Kwa sherehe mtu wa maana si anakaa katikati? Huko pembeni ni mbwa na wapishi. Kata tu, bwana."

Akakata. Sikuangalia hata dakika moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusifiwa.

Nilifika Cheptais nikachomeka zile nyaya, ya manjano mahali pake, nyeupe mahali pake, na picha ikajaa kioo chote! Majirani wakapiga makofi. Kukhu ameketi katikati, mkubwa, mpaka unahesabu maua ya kitambaa chake. Phelista alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Saa ya kwanza alitabasamu. Saa ya pili aliinama mbele, viwiko magotini. Ilipoisha, majirani wakaenda, naye akaniuliza polepole, "Wangila, si Wekoye alikuwa kwa sherehe ya mama? Mbona simwoni?"

Nyinyi mlio Wabukusu mmeshaelewa. Kwa wengine nitaeleza. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawakai karibu. Akiwa kwa wakwe zake, mtu mwenye adabu yuko pembeni. Na Wekoye alikuwa na adabu kuliko sisi wote. Siku ile ya Kukhu alipanga viti, pembeni. Alibeba maji, pembeni. Alicheka, alikula, aliomba, yote pembeni. Katika saa mbili na dakika kumi na mbili za ile video, hakuna mahali ambapo Wekoye anakanyaga katikati. Na mimi, niliyekula naye miaka ishirini, ninayejua mila kama kiganja changu, nilikuwa nimeagiza pande zikatwe.

Je, nilimwambia dada yangu ukweli? Sikumwambia. Nilisema, "Pengine mwenye kamera hakumpata." Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Akasema, "Sawa." Akafunga leso vizuri, akaenda kukama ng'ombe. Tangu siku hiyo TV ya Wekoye haikuwashwa tena. Iliwekewa kitambaa juu.

Mwezi ukapita. Nasimiyu akaenda nyumbani, akaona hicho kitambaa, akaulizia. Jioni hiyo simu yangu ikalia.

"Khocha, baba ulimweka wapi?"

"Baba yupi?"

"Khocha."

Nikasema, "Nimemkata. Si kwa ubaya. Nilitaka ijae."

"Najua," akasema. "Ile pana bado niko nayo. Usimwambie mama kitu. Nitamrudisha."

Sasa sikilizeni kazi ya huyu msichana, nyinyi ambao kesho mtamletea video zenu. Ndani ya kompyuta unachora kisanduku chenye umbo la TV ya kisogo, unakiweka juu ya ile picha pana. Kilicho ndani kitaonekana, kilicho nje kitapotea. Kipkemei alikiweka katikati akakiacha hapo, kwa amri yangu. Nasimiyu alikisogeza. Babake akitokea kulia na jagi la maji, kisanduku kinaenda kulia. Akivuka nyuma ya wapishi, kinamfuata. Na lazima kisogee taratibu, kama mtu anayegeuza shingo, la sivyo anayetazama atapata kizunguzungu. Siku kumi na moja, baada ya kazi ya mwajiri, alikuwa anamfuata babake kwa mkono, hatua kwa hatua. Nilikuja hapa Kitale siku moja kumwona. Nikakuta amesimamisha picha, babake amegeuka anaangalia kamera, na yeye ameegemea kiganja tu. Sikuingia. Nilirudi nikanunua chai, nikakaa nje.

Tena akakutana na shida kubwa. Kisanduku kikimfuata Wekoye, nani anabaki nje? Kukhu! Mwenye sherehe! Inawezekanaje mkwe achukue nafasi ya mama mkwe katika sherehe ya mama mkwe? Nasimiyu hakutaka kuamua peke yake. Alisafiri mpaka Bungoma, akapiga magoti mbele ya huyu mama, akasema, "Kukhu, kuna mahali itabidi nikutoe, ndiyo baba aonekane. Nimekuja kuomba ruhusa."

Kukhu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata kichwa. "Nitoe," akasema. "Mimi nimeonekana miaka themanini. Huyo amejificha nyuma ya watu tangu aje kuoa. Nitoe, mwanangu, na mimi mwenyewe nimwone."

Na diski ilipokuwa tayari, nani aliipeleka Cheptais? Ni mimi. Nikasema nimeipata kwa ujanja wangu. Watu wakanisifu mpaka Chwele, na mimi nikanyamaza nikala kuku. Nasimiyu alijua, akanyamaza, ili dada yangu asijue ni nani alikuwa amemkata mume wake. Sasa dada yangu Phelista, mbele ya Mheshimiwa, mbele ya Mchungaji, nasema: nilimkata mimi. Halafu nikakudanganya. Aliyemrudisha ni mtoto wako. Naomba unisamehe.

Nini? Ulijua? Tangu lini?

Haya. Ulijua siku ile ile, kwa sababu ndugu yako akinyamaza dakika tano lazima kuna kitu. Asante, dada. Makofi kwa Phelista, tafadhali, na mniache nipanguse uso kidogo.

Namalizia. Siku ya kuitazama hiyo diski, Kukhu alikuja Cheptais. Muelewe hilo jambo: Wekoye akiwa hai, mama yangu hakuwahi kuketi sebuleni mwake, kwa ile ile heshima. Siku hiyo aliketi. Phelista akatoa kitambaa, akawasha TV. Na Wekoye akaingia. Mkubwa! Kioo kizima ni yeye, na jagi lake, na ile shati yake ya mistari, na lile pengo la jino analoonyesha akicheka. Phelista hakulia. Alikuwa anamsemesha tu: "Ona kola. Nilimwambia ainyooshe."

Halafu tukafika mahali ambapo Kukhu anawahutubia wajukuu, na ghafla picha ikarudi kuwa nyembamba, giza juu, giza chini. Nikaruka. "Imeharibika!" Nasimiyu akasema, "Haijaharibika, Khocha. Hapo sikuweza kuchagua. Mama, sogea karibu."

Phelista akavuta kigoda mpaka pua yake ikakaribia kioo. Kukhu naye akavutwa na kiti chake. Upande wa kushoto, Kukhu amekaa chini ya tenti, anaongea. Upande wa kulia kabisa, Wekoye, mdogo kama kidole, amesimama nje kwenye jua, mikono yake yote miwili imeshika kamba. Upepo ulikuwa umeng'oa kigingi. Kukhu aliongea dakika kumi na tisa siku ile, mnamjua, na dakika zote kumi na tisa yule mtu alishikilia ile tenti ili kivuli kisimtoke mama mkwe wake. Hakumwita mtu. Hakumwambia mtu. Ukionyesha mama peke yake, unaona tenti imesimama yenyewe. Ukionyesha Wekoye peke yake, unaona mtu na kamba. Nasimiyu aliwaacha wote wawili, wadogo, pamoja.

Mama yangu, ambaye kwa miaka ishirini na kitu hakuwahi kumtaja mkwe wake kwa jina, akanyoosha mkono, akagusa kioo kwa kidole, hapo hapo mkwe alipokuwa amesimama.

"Wekoye," akasema. "Achilia kamba, baba. Njoo ukae."

Mheshimiwa, hiyo ndiyo kazi inayofunguliwa leo katika mlango huu. Leteni harusi zenu, leteni mazishi yenu, na TV zenu zenye kisogo msizionee haya. Mwambieni tu Nasimiyu ni nani mnayemtafuta, naye atamfuata.

Mungu awabariki, na kwa masikio mliyonipa, mimi Wangila nasema asanteni sana.