Asante ya Mwalimu Dorothy

Nje ya duka la Jamiru, pale Bugembe, pana benchi lisilokosa watu asubuhi, maana Nasiba huweka birika lake la kahawa ya tangawizi hapo hapo. Jamiru ni fundi cherehani. Hajawahi kuvaa gwanda, ila babu yake alikuwa askari, basi jina la Afande likamwangukia yeye. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kiliupiga mkono wake wa kushoto, ukabaki unaning'inia. Ndipo Dorothy, mwalimu mstaafu, alipomwita kwenye kikundi chake cha yukulele, yale magita madogo ya nyuzi nne. Kila Alhamisi alimpangia vidole kimoja kimoja juu ya nyuzi, mpaka vikaanza kutii. Sasa kikundi kina shughuli mbili: Jumamosi hii kinawapigia akina mama wa kliniki hapa Bugembe, na wiki mbili baadaye kinakwenda Mbale, ukumbi wa Malukhu, kupiga pamoja na wenzao wa Nkoma, mtaa wa huko huko Mbale. Baada ya Mbale, Dorothy anahamia kwa binti yake Kampala. Benchi lilikuwa linatafuta namna ya kumshukuru.

— Mimi nasema tumpe mbuzi, Jamiru alianza. Huko huko Malukhu, watu wakiona.

Yekosofati, fundi baiskeli ambaye kwa kupenda kutoa maagizo huitwa Waziri, akashusha kikombe.

— Afande, mtu amekurudishia mkono, wewe unampa mbuzi? Ng'ombe dume, bwana. Apandishwe jukwaani.

— Jukwaa lenyewe la mbao, Nasiba akasema. Ataporomoka nalo.

— Basi serikali ibadili jina la barabara hii, Waziri akasema. Yote, Jinja mpaka Iganga. Iitwe Dorothy.

— Na watu wa Iganga watakubali? Jamiru akauliza.

— Watakataa kwa nini? Wao wana yukulele?

— Mimi naona sanamu, Nasiba akasema, akimwongeza Jamiru kahawa. Yukulele la simenti, refu kama tangi la maji. Nyuzi tunaweka waya za umeme. Upepo ukipita, linajipigia lenyewe.

— Na jeshi lipige mizinga, Waziri akasema. Ishirini na moja. Nitaandika barua.

— Kwa nani?

— Kwa huyo anayekaa na mizinga.

Mwisho wa benchi aliketi mgeni, kijana aitwaye Obura, begi magotini, akingoja taksi ya Mbale. Alikuwa amemaliza vikombe viwili akiwasikiliza.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Huyo mama, mmeshamwambia asante?

Waziri alimtazama Nasiba. Nasiba akatazama birika. Jamiru alirudi nyuma kwa mawazo, Alhamisi moja moja. Alikumbuka kumsalimu mwalimu, kulalamika kwamba nyuzi zinauma, hata kumnunia mwezi mzima alipoambiwa anapiga kwa pupa. Asante hakuiona popote.

Taksi ilikuja, Obura akapanda. Jamiru akafunga duka.

Alimkuta Dorothy kwenye chumba cha mazoezi cha kikundi, anapanga viti.

— Mwalimu, asante.

Lori la miwa lilikuwa linapita barabarani, likameza neno.

— Unasema?

Jamiru angeweza kusema si kitu. Alisubiri lori lipite.

— Nasema asante, mwalimu. Leo asubuhi nimefunga vifungo vya shati mwenyewe. Nimetunga uzi kwenye sindano. Ijumaa nilimbeba mjukuu kwa mikono yote miwili, mama yake hakuogopa. Ni wewe. Miaka mitatu sijakwambia, na nimeona aibu.

Dorothy aliweka chini kiti alichoshika, akakikalia.

— Endelea, akasema taratibu. Huyo mjukuu anaitwa nani?