Fundi Muriithi na Ng'ombe wa Chumba Namba Nne

Bwana Elijah Muriithi aliingia Chuo cha Ukarani cha Mlimani, hapa Nyeri, Jumatatu tarehe 3 Februari 1969, na anatuaga leo, Alhamisi tarehe 30 Septemba 1999. Hiyo ni miaka thelathini na miezi minane, kasoro siku tatu. Alipoelezwa hesabu hiyo, alisema hizo siku tatu tumpe mtu mwingine, yeye ana mahindi shambani.

Aliajiriwa kutengeneza taipureta. Wakati huo chuo kilikuwa na taipureta ishirini na nne na fundi hakuna, kwa hiyo zilizokuwa nzima ni tisa. Kufikia Pasaka ya mwaka huo zote zilikuwa zikilia. Amewahi kunyoosha herufi ya K kwa koleo dogo la kinyozi, na kwa miaka kumi na mmoja mashine yetu ya kudurufu ilizunguka kwa mkanda aliokata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Hakuwahi kufika kazini amechelewa isipokuwa mara moja, mwaka 1978, ng'ombe wake alipokuwa akizaa. Alileta maziwa ya kuomba radhi.

Wengi mnamjua kwa taipureta. Mimi, niliyefanya naye kazi nikiwa karani wa masjala, naomba nieleze kazi yake ya mwisho.

Mwezi wa Februari mwaka huu kampuni moja ya Nairobi ilitupatia kompyuta ndogo kumi na moja ilizokuwa ikizitupa. Hazikuwa na diski ndani. Kila zikiwashwa huomba kila kitu, kupitia waya, kutoka kwa kompyuta moja kubwa, na hiyo kubwa hatukupewa. Bwana Wamae, fundi wa redio kutoka Naro Moru, alizitazama akacheka. “Muriithi, umeletewa ndama bila ng'ombe.”

Kuanzia Jumamosi tarehe 6 Machi tulikuwa tukikutana Chumba Namba Nne, watu wanne: Fundi Muriithi, Bwana Wamae, Mwalimu Wachuka wa darasa la uchapaji, na mimi wa kuandika tarehe. Hakuna aliyetutuma. Kompyuta kuukuu ya masjala ndiyo ikawa ng'ombe. Mpwa wa Wamae, mwanafunzi wa chuo kikuu, alituletea diski ya CD yenye Linux, programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili, kuifungua na kuitengeneza. Fundi Muriithi alipenda sana habari hiyo. Alisema ni programu ya kwanza kuiona iliyoandikwa na watu wenye tabia ya mafundi. Ilituchukua Jumamosi kumi na mbili. Tarehe 22 Mei ndama wa kwanza alinyonya: kioo kiliwaka, na Mwalimu Wachuka akachapa jina lake. Kufikia Julai zote kumi na moja zilikuwa zinafanya kazi.

Jambo hilo halikuwa mchezo kwa Mwalimu Wachuka. Tulikuwa tumearifiwa kwamba mkaguzi wa mitihani angekuja Ijumaa tarehe 10 Septemba. Asipokuta kompyuta zinazofanya kazi, darasa lake la wanafunzi kumi na wanane lingefungwa, na nafasi yake ya kazi ingeondoka pamoja nalo.

Tarehe 10 Agosti ng'ombe akaanza kuzimika. Kila alipowashwa alifanya kazi saa moja, saa moja na nusu, kisha vioo vyote kumi na moja vikawa vyeusi kwa pamoja, na kazi ya wanafunzi ikapotea. Fundi Muriithi alimfungua, akampangusa, akambadilishia waya wa stima, akambadilishia hata kile kisanduku cha ndani cha kugawa umeme, kwa kingine alichotoa Wamae. Akiwa wazi mezani alifanya kazi vizuri mchana kutwa. Akifungwa na kurudishwa darasani, anazimika. Mkuu wa chuo alimpa fomu, akamwomba aanze likizo yake ya kustaafu. Fundi aliikunja ile fomu akaitia mfukoni. “Nitatia sahihi. Lakini siwezi kumwachia Mwalimu ng'ombe mgonjwa ndani ya nyumba.”

Jumamosi tarehe 4 Septemba, zikiwa zimebaki siku sita, Mwalimu Wachuka akiwa hayupo, Fundi aliniomba nimsomee tarehe zote za kuzimika kama nilivyoziandika. Nilisoma. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Jumatatu, Ijumaa. Hakuna Jumamosi hata moja.

“Basi ng'ombe wetu ni Msabato,” Wamae akasema.

Fundi Muriithi hakucheka. Alikuwa akiitazama meza. Kila Ijumaa jioni Mwalimu Wachuka alichukua vitambaa vya kufunikia mashine za darasa kwenda kuvifua, na Jumatatu asubuhi alivirudisha. Kitambaa cha ng'ombe ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Alikifuma kwa uzi wa sufu tangu Pasaka, kijani na cheupe, kikiwa na maandishi MURIITHI 1969–1999, akakileta tarehe 9 Agosti kama zawadi ya kumuaga. Kilishuka hadi mezani pande zote nne. Nyuma ya kompyuta hiyo ndipo feni ilipotolea joto. Kila alipomfungua ng'ombe, Fundi alikikunja kitambaa kwa heshima akakiweka kando, na kila alipomaliza alikirudisha, akakinyoosha pembe zote. Kwa wiki karibu nne alikuwa akiurudisha ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

“Akikirudisha Jumatatu, tukitoe tu,” Wamae akasema. “Atadhani kimepotea.”

Fundi alikataa. Alisema mtu aliyemfumia jina lake hawezi kudanganywa kuhusu jina hilo. Jumapili baada ya ibada alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Wachuka, akanywa vikombe viwili vya chai kabla ya kuweza kulisema. Yaliyofuata Mwalimu mwenyewe ameniruhusu niyaandike.

“Ati nini?” aliuliza. “Wiki nne mnapasua ng'ombe tumbo, na shida ni blanketi yangu?”

“Sikutaka uumie, Mwalimu.”

“Mzee, mimi niko na wanafunzi kumi na wanane. Kitambaa nitafuma kingine. Hao nitafuma na nini?”

Kisha, anasema, alikwenda jikoni akalia kidogo, akarudi na kikombe cha tatu cha chai. Kitambaa kiko Wamagana sasa, juu ya meza ya Mama Kabura, mke wa Fundi.

Mkaguzi alifika tarehe 10 saa tatu na dakika ishirini. Alikaa saa mbili na dakika kumi. Aliinama chini ya meza akauliza diski za mashine hizi ziko wapi. Fundi Muriithi akamwonyesha ile kompyuta moja, ikiwa wazi mezani bila chochote juu yake. “Hazina, bwana. Zote zinanyonya hapa.” Wanafunzi waliendelea kuchapa. Hakuna kioo kilichozimika. Barua ya kukubaliwa ilifika Jumatatu tarehe 20, na siku hiyo hiyo, saa nane mchana, Fundi alitoa fomu mfukoni akatia sahihi.

Fundi Muriithi, tunakushukuru kwa kila ulichokifungua na kukifunga vizuri katika miaka hii. Tunakushukuru zaidi kwa vile vikombe vitatu vya chai. Mtihani wa kwanza wa darasa la Mwalimu Wachuka utakuwa Jumatatu tarehe 15 Novemba. Siku hiyo tunakuomba ukae nyumbani Wamagana. Wamae amejifunza kumwasha ng'ombe, nami nimeandika hatua zote kwa mfuatano. Tutakapomaliza tutapiga simu dukani karibu na kwako, uitwe. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.