Wilfred Mkenda na Jumamosi Zake za Kisarawe

Marehemu Wilfred Didas Mkenda alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Tumbi, Kibaha, mtoto wa tatu wa mzee Didas na mama Laurensia. Alisoma hapa hapa hadi kidato cha nne, akahitimu uuguzi mwaka 2002 na kuanza kazi Dutumi. Baadaye alijiunga na mradi wa kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI akiwa mshauri nasaha.

Tarehe 8 Oktoba 2005 alifunga ndoa na Evaline, aliyempenda kwa wivu na hakuwahi kuuficha. Muuza chipsi wa Misugusugu aliyemzidishia Wilfred kachumbari alijikuta mshukiwa.

Kazini, kuna jambo lilimkera Wilfred. Gari la mradi liliegeshwa kando ya barabara kuu, kipaza sauti kikaita akina baba, akina mama na madereva. Wanaume wanaopenda wanaume wenzao, na wale waliozaliwa wakaitwa wa kiume ilhali wanajijua ni wanawake, hakuna aliyewaita. Hata wangeitwa, nani angechukua dawa kinga mbele ya majirani? Wale waliokuwa Kisarawe walibaki kuulizana wao kwa wao mambo ambayo hakuna kati yao aliyeyajua. Wilfred akaanza kuwafuata Jumamosi, kwa muda wake mwenyewe. Aliwaahidi siri, hivyo hata mkewe hakumwambia.

Evaline aliona tu mumewe akinyoa ndevu Jumamosi, akipokea simu uani, na kurudi akicheka peke yake. Siku moja mwaka 2019 alimfuata hadi Kisarawe, akagonga mlango wa nyumba aliyoingia. Alifungua fundi cherehani, futi shingoni, sauti nzito.

"Shikamoo, wifi."

"Wifi yako nani? Mtoe huyo mwanamke nimwone!"

"Wifi, mwanamke wa nyumba hii ni mimi, na mumeo hanitaki. Kutwa kunigombeza nimeze dawa. Ingia ujionee."

Ndani alimkuta Wilfred katikati ya vijana, wakicheka utani ambao Evaline hajawahi kuusikia nyumbani. Aliondoka bila ugomvi, lakini wivu ukamganda. Angekuwa hawara, angepambana naye. Watu wanaomhitaji mumewe kiasi kile angewafanya nini?

Mwaka 2025 mradi ulifungwa. Wilfred aliendelea kwenda peke yake, hadi saratani ya ini ilipomlaza mwezi Novemba. Walikuja wodini mmoja mmoja, kwa hofu, wakijitambulisha kuwa wateja wake wa kuku. Evaline aliwaachia kiti, akasimama mlangoni akisikiliza wanavyomchekesha mgonjwa wake, na roho ikimuuma.

"Mama Aneth," Wilfred alimwomba mkewe, "wasizuiwe kuja kunizika."

Evaline alimrekebishia mto. Wilfred alifariki tarehe 6 Februari 2026. Hadi leo hakuna aliyeshika nafasi yake Kisarawe.

Marehemu ameacha mama, mjane, Evaline, watoto wawili, Aneth na Godbless, na ndugu zake wa Kisarawe, ambao kwa usalama wao majina hayakuchapwa. Wasifu huu ulipoandaliwa jana, mjomba mmoja alitaka maneno hayo ya mwisho yafutwe.

"Yaache," Evaline akasema. "Na kesho wakija, wapewe viti mbele. Ila waandikwe baada yangu."

Lala salama, Wilfred. Mungu akupe pumziko jema.