Niklaas Diergaardt: Miaka 34 ya Kunyanyua Magari ya Wenzake

Ijumaa hii, tarehe 27 Machi, saa saba mchana, Niklaas Diergaardt atatundika ovaroli lake kwenye msumari wake wa siku zote na kustaafu, baada ya kutumika miaka thelathini na minne na mwezi mmoja katika Karakana ya Springi ya Kaskazini, hapa Windhoek. Tarehe hiyo ameichagua mwenyewe. Pasaka iko karibu, na huu ndio wakati ambao nusu ya mji inataka magari yake yanyanyuliwe kwa springi ndefu leo ili yaingie porini kesho. Bwana Detlef, mwenye karakana, alimbembeleza angoje sikukuu ipite. Oom Niklaas akamjibu kwa upole kwamba ombi hilo ameshalikubali Pasaka thelathini na nne.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu nimekaa kaunta ya vipuri miaka kumi na tisa na dirisha langu linatazama shimo lake la kazi. Sababu nyingine ni kwamba wenzangu wote walisema hawajui kuandika. Festus Shikongo, mchomeleaji wetu, alisema anajua ila mikono yake ina grisi. Basi yatakayokosewa humu ni yangu, na msinilaumu sana.

Oom alifika kutoka Rehoboth akiwa na miaka ishirini na sita, na pete ya ndoa ya mwezi mmoja kidoleni. Sisi sote humwita Oom, yaani mjomba, hata wale wanaomzidi umri. Alianza kwa kuosha vyuma. Mwaka haujaisha akawa anafunga springi na shokapu, na kazi hiyo hakuiacha tena. Kwa hesabu ya Festus, ambaye huongeza chumvi lakini si nyingi, magari elfu nne yamepita mikononi mwake kabla ya kwenda kwenye mchanga, mawe na mito mikavu ya nchi hii.

Mwaka wake wa pili alifanya kosa ambalo limetuchekesha mpaka leo. Mkulima mmoja wa upande wa Gobabis alileta pikapu tupu, akaeleza kwamba kazi yake ni kubeba kondoo kumi na wanne na mapipa ya maji. Oom akamfungia springi ngumu za mzigo huo. Sasa, springi ngumu isipopata mzigo haibonyei, na kila kishimo cha barabara ya changarawe hupanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa dereva. Mkulima akaondoka na gari lake tupu. Siku ya tatu alirudi, akasimama kaunta na kusema neno ambalo hakuna aliyelielewa. Akalirudia, bado wakatoka patupu. Mwishowe akafungua kinywa na kukionyesha kwa kidole. Meno ya bandia ya juu hayakuwamo. Yalikuwa yamerukia dirishani karibu na Witvlei, wakati alipokuwa akiwafokea mbuni waliomkatizia njia. Oom alikwenda naye kuyatafuta kutwa nzima, na waliyapata yote isipokuwa jino moja. Hayo ameyasimulia mwenyewe, maana mimi wakati huo nilikuwa bado shuleni.

Tangu siku hiyo hakupima tena gari tupu, na sheria yake kila mteja anaijua. Ukitaka kunyanyuliwa gari, lilete likiwa limepakia kila utakachosafiri nacho: maji, mafuta, hema la juu, friji, kuni, sufuria la chuma la miguu mitatu. Na kila atakayesafiri awe ameketi mahali pake. Hapo ndipo Oom huchukua fimbo yake ya mgunga yenye alama za kisu, akaisimamisha kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, akaisoma. Fimbo hiyo aliipa jina Shahidi. Mashine ya kupimia kwa mwanga, aliyoinunua Bwana Detlef, iko stoo na kuku wa jirani ametaga ndani ya boksi lake.

Wateja walinuna, kisha walizoea. Yupo daktari wa meno (hahusiki na yule mkulima) aliyekuja akitaka gari lake linyanyuliwe inchi sita.

"Nataka gari lionekane, Oom."

"Lionekane na nani, daktari? Huko uendako kuna pundamilia tu, na wao hawanunui magari."

Daktari akaenda, akarudi na mzigo wake wote, mke, watoto wawili na mama mkwe. Gari likakaa chini nyuma kama mbwa aliyechoka. Oom, ambaye wakati huo alikuwa bado hajakomaa, akainama dirishani na kumuuliza mama mkwe uzito wake. Alijibiwa kwa mkoba, na mkoba wa yule mama ulikuwa na tochi ndani. Kovu liko juu ya jicho la kushoto, na mkimwomba vizuri siku ya sherehe ya kumuaga atawaonyesha. Tangu hapo hakumuuliza mtu uzito. Husema tu, "Kaeni ndani, Shahidi atajua."

Daktari aliondoka na inchi mbili, kama karibu wote. Aliyetaka nne au sita aliambiwa yale yale, mwaka baada ya mwaka, hata mimi kaunta niliweza kuyasema pamoja naye huku natafuta boliti. Gari refu huyumba kwenye kona. Usukani hulegea. Mipira ya breki hukaza, na propela shafti hukaa mshazari ikaanza kulia. "Gari halinyanyuliwi kwa tamaa," alikuwa akimaliza, "linanyanyuliwa kwa mzigo." Wengi walikasirika. Nawajua wanne waliokwenda kwingine, wakanyanyua walivyotaka, na wakarudi kwetu nyuma ya lori la kuvuta magari. Oom hakuwacheka mbele yao. Alitucheka sisi tuliokuwa tunacheka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Oom aliniomba nisiliandike, na mkewe akaniomba niliandike lote.

Mkewe ni Magrieta, Tannie Griet, shangazi yetu sote. Walipooana, Oom alimwahidi fungate kwenye maporomoko ya Epupa, kule Kaoko, kaskazini ya mbali, kwenye mto Kunene. Mwezi uliofuata akapata kazi hapa. Pasaka ya kwanza kulikuwa na magari tisa yanangoja, akamwambia mkewe, "Desemba." Desemba yakawa kumi na matano. Mambo yakaenda hivyo hivyo kwa miaka thelathini na minne. Mtu huyu anaijua kila njia ya Kaoko, kila jiwe na kila korongo, kwa malalamiko ya wateja tu. Yeye mwenyewe hajapita mji wa Outjo, hata nusu ya njia bado. Magari elfu nne ameyapeleka, na Tannie Griet amepokea kadi za picha za maporomoko kutoka kwa wake za watu wengine.

Mwaka jana Tannie Griet alipasuliwa goti. Alipotoka hospitali alisema kanisani, mbele ya watu, kwamba asipopelekwa Epupa mwaka huu, goti likiwa bado linakubali, hataomba tena maishani. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana Oom aliandika barua ya kustaafu Jumatatu iliyofuata, na ndiyo maana tarehe haikusogea hata Bwana Detlef alipotoa machozi kidogo.

Mngedhani mtu wa namna hiyo kuandaa pikapu yake mwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Wapi. Mganga hajigangi. Mwezi Januari nilianza kumwona, saa ya chakula, amejificha na katalogi ndani ya gazeti. Ugonjwa wa inchi ulikuwa umempata akiwa na miaka sitini. Tannie Griet alitaka maporomoko, mahali ambapo hata basi dogo la watalii hufika. Oom alitaka mlima ule wa mawe wenye mteremko ambao wateja wamemsimulia miaka yote wakiwa bado wanatetemeka. Akaagiza springi za inchi nne kupitia kaunta yangu, akaniambia ni za mteja. Nikaandika "mteja". Akazifunga Jumamosi peke yake, pamoja na matairi makubwa.

Jumatatu Tannie Griet alikuja na chupa ya kahawa kuliona gari la fungate lake. Alilizunguka mara moja. Akafungua mlango, akaweka mkoba wake kwenye kiti, na kiti kilikuwa kinamfikia kidevuni. Akainua mguu. Haukufika. Akajaribu na ule mwingine. Festus, kwa nia njema, akajitolea kumsukuma kwa nyuma.

"Festus, mwanangu," Tannie Griet akamwambia, "mimi si gunia la viazi. Napanda mwenyewe au sipandi."

"Nitakuwekea kreti la bia ukanyagie," akasema Oom.

"Na huko porini kila nikitaka kushuka kujisaidia, tutoe kreti?" Akachukua mkoba wake. "Hilo ni gari lako, Niklaas. La kwangu uliniahidi zamani. Nitakapoliona nitalijua." Akaondoka na kahawa yake.

Juma hilo Oom alifungua kisanduku chake cha chakula kila siku na kukuta vipande viwili vya mkate, katikati hamna kitu. Alivila hivyo hivyo. Nami niliona haya, kwa sababu lile neno "mteja" niliandika mimi.

Ijumaa tulikutana sisi wote bila yeye, kisha Festus akamchukua Shahidi ukutani na kwenda kumsimamia Oom shimoni.

"Oom, sheria ni sheria. Leta mzigo, tukupime."

Hakuweza kukataa, angekataaje? Alasiri alilileta gari limejaa: mapipa, hema, sufuria, magodoro, nyama kavu, vitabu viwili vya nyimbo na cherehani, kwani Tannie Griet alikuwa amekwisha kupanga mizigo yake tangu mwaka jana. Festus akainama, akasimamisha fimbo, halafu akainuka bila kusoma.

"Haipimiki."

"Kwa nini haipimiki?"

"Kila atakayesafiri awe ameketi mahali pake. Naona kiti kimoja kitupu."

Oom alikitazama kile kiti. Kisha akamchukua Shahidi mkononi mwa Festus, akatoka kwa miguu na ovaroli lake, akaacha gari na mzigo wake wote katikati ya uwanja, limewazibia wateja watatu njia.

Yaliyotokea nyumbani nimeyapata kwa Tannie Griet. Alikuwa anamenya viazi. Oom aliingia, akapiga goti sakafuni mbele yake na ile fimbo, na kwa mara ya kwanza tangu mkoba wa mama mkwe wa daktari akamuuliza mwanamke swali la kupima. Alimuuliza goti lake linapanda hadi wapi bila kuuma. Tannie Griet aliinua mguu taratibu. Oom akatoa kisu na kuchonga alama mpya hapo hapo.

Jumamosi springi za inchi nne zilitoka. Oom alipiga hesabu upya kwa kuanzia ile alama. Kwa inchi nne zingehitajika ngazi mbili za pembeni, na ya chini ingekwangua mawe. Kwa inchi mbili ngazi moja inatosha, nusu ya njia, na kila hatua inaangukia chini ya alama. Festus akaichomelea ngazi hiyo mwenyewe na kuipaka rangi mara mbili. Zile springi ndefu zimo kaunta, na mteja wake, ambaye jina lake silitaji, ameomba zirudishwe kimya kimya.

Ijumaa iliyopita gari lilipakiwa tena. Tannie Griet alifika na viatu vyake vya kanisani. Akaweka mguu kwenye ngazi, akashika mlango, akapanda. Hakuna aliyemgusa. Akajiweka sawa, akaweka mkoba mapajani, akafunga mlango, akateremsha kioo.

"Haya, Niklaas. Pima."

Oom aliinama na Shahidi kwenye gurudumu la mbele, akakaa pale chini muda mrefu kuliko kwenye gari lolote nililowahi kumwona akilipima. Festus akamuuliza fimbo inasema nini. Akasema haoni vizuri, kuna vumbi. Sakafu tulikuwa tumeiosha asubuhi ile, lakini tulikubali kwamba kuna vumbi. Jumatatu kisanduku chake cha chakula kilikuwa na mkate na kababu tatu, akanipa moja.

Oom Niklaas, kwa niaba ya Bwana Detlef, Festus na wote wa karakana, asante. Asante kwa magari yaliyorudi na watu wake, na kwa kutufundisha kumwambia mteja asichotaka kusikia. Shahidi anabaki kwa Festus, na ile alama mpya inabaki juu yake. Festus tayari ameanza kuwauliza wateja swali ambalo halikuwamo katika sheria ya zamani: nani kati yenu ana goti bovu? Mkoba bado haujampata.

Mkiondoka Jumamosi, simu iacheni nyumbani, maana Bwana Detlef atapiga. Tunawatakia, Oom na Tannie, barabara nyororo, siku nyingi na afya njema. Mkale fungate lenu. Maporomoko yamewangoja miaka thelathini na minne, na hayajakauka.